Programu ya Intel kwenye chipu ya ARM: ugumu uko kwenye kumbukumbu

Programu ya Intel ukiifungua mara ya kwanza kwenye Mac ya M1, chipu ya ARM ya Apple, huchelewa kidogo. Mara ya pili inafunguka upesi. Kwenye huo muda wa mwanzo Rosetta 2, mtafsiri wa Apple uliotoka 2020, inasoma msimbo wa x86-64 (lugha ya chipu za Intel), inaugeuza kuwa wa ARM na kuuweka kwenye diski. Msimbo unaozaliwa programu ikiwa tayari inaendelea, kama wa JavaScript kwenye kivinjari, hutafsiriwa papo hapo.

Kugeuza amri moja moja kunawezekana bila taabu kubwa. Amri ya x86 huwa na baiti 1 hadi 15, ya ARM ni baiti 4 tu. `add [rdi], eax` inazaa tatu: soma, jumlisha, andika. Rejista, yaani nafasi ndogo za kuhifadhi namba ndani ya kichakataji, zinatosha na kubaki, maana x86-64 ina 16 za kawaida na ARM ya biti 64 ina 31.

Balaa ni mpangilio wa kumbukumbu. Chukua programu yenye nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa kwa pamoja, huku `data` na `tayari` zikianza na 0. Uzi wa kwanza unaandika `data = 42`, halafu `tayari = 1`. Uzi wa pili unangoja `tayari` iwe 1 ndipo usome `data`. Kwenye x86 maandishi hayo huonekana kwa mfuatano uleule. ARM inaruhusu la pili litangulie, na uzi wa pili ukasoma 0. Hitilafu hii hujitokeza kwa nadra, na ukianza kuifuatilia hatua kwa hatua inapotea. Dawa ya kawaida ni kupachika vizuizi kama `DMB`, amri ya ARM inayolazimisha mfuatano, na kila kimoja kinakula muda. Apple waliweka swichi ndani ya chipu yenyewe: ikiwashwa, kiini kinafuata utaratibu wa x86. Naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika mradi mzima.

Kusakinisha Rosetta: `softwareupdate --install-rosetta`. Kujua faili ni la Intel au la ARM: `lipo -archs` na jina lake. Viendeshi vya ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) havitafsiriwi kabisa. AVX2, amri za Intel za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, imekubaliwa tangu macOS 15. Kabla ya hapo, programu iliyotumia amri hizo bila kuuliza kwanza kama zipo ilianguka.

Kosa linalosumbua wengi ni kuchanganya msimbo wa x86 na wa ARM (arm64). Mchakato mmoja hubeba usanifu mmoja tu, kwa hiyo Python ya x86 ikiita maktaba ya arm64 utaona `incompatible architecture`. Rosetta haihusiki hapo. Sakinisha upya maktaba ukitumia Python ileile itakayoiita.