Siku moja maishani mwangu: viraka vitano na seva iliyonyamaza

Saa 12:15 asubuhi. Chai ya rangi, chapati iliyobaki jana, laptop juu ya meza ya kulia. Leo sipandi daladala. Siku za kupitia viraka vya msimbo, yaani mabadiliko madogo ya programu yanayongoja kukaguliwa, nafanyia kazi nyumbani Tabata, maana kazi hii haitaki mtu anayeitwaitwa. Kwanza naangalia logi za usiku, yaani kumbukumbu ambazo programu hujiandikia. Zimeandikwa kwa saa za kompyuta, kwa hiyo 02:04 naisoma saa nane na dakika nne usiku. Wakati huo seva ya Dodoma ilipotea kwa sekunde 40, kisha ikarudi. Hakuna aliyepiga simu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: kwenye taasisi kubwa, majina ya watumishi, nywila zao na vikundi vyao havikai ndani ya kila kompyuta. Vinakaa kwenye seva ya saraka, na kompyuta inakwenda kuuliza huko kwa itifaki ya LDAP, kupitia poti 389 au 636. Timu yetu inatunza programu ndogo inayokaa kwenye kila kompyuta ya Linux na kuuliza kwa niaba ya mtu anayeingia. Seva tunazo tatu, mbili Dar es Salaam na moja Dodoma. Ya kwanza ikishindwa, programu ihamie ya pili. Sentensi hiyo ni fupi, lakini mimi nina mwaka wa nne naihangaikia.

Saa 2:00 asubuhi. Viraka vitano vimefika kutoka kwa kijana wetu wa Arusha, aliyejiunga nasi mwaka huu. Nasoma maelezo yake kabla ya kugusa msimbo. Mtu akishindwa kueleza kwa nini anabadilisha kitu, mara nyingi msimbo wake nao unayumba. Huyu ameeleza vizuri.

Kiraka cha kwanza kinaondoa kosa la zamani, na la zamani hilo ni letu sisi, si lake. Akaunti ambayo programu huingilia kwenye saraka ikibadilishiwa nywila, seva hujibu kwa namba 49, maana yake utambulisho uliotoa si sahihi. Programu yetu ilikuwa ikipata jibu hilo inaiandika seva kuwa mbovu na kuhamia ya pili. Ya pili inajibu vilevile. Ya tatu vilevile. Mwisho inatangaza kwamba saraka nzima haipatikani, wakati seva zote tatu ni nzima na zimejibu kwa usahihi kabisa. Zaidi ya hapo, kila jaribio linahesabiwa kuwa nywila mbaya, na akaunti inaweza kufungwa. Kwenda kumuuliza jirani hakugeuzi nywila mbaya kuwa nzuri. Namba 51, seva imezidiwa, na 52, seva haiwezi kuhudumia kwa sasa, hizo ndizo sababu za kuhama. Nimekipitisha, na nimemwomba aongeze jaribio la 52.

Cha pili ni mistari minne. Soketi ni mlango wa programu kwenye mtandao; isiyosubiri huiacha programu iendelee na kazi wakati muunganisho bado unatafutwa. Soketi ya namna hiyo ikiwa tayari kuandikwa, msimbo ulidhani muunganisho umefanikiwa. Lazima uiulize keneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, kama kuna kosa (SO_ERROR), kwa sababu soketi iliyokataliwa nayo huonekana iko tayari. Kimepita.

Saa 4:00 asubuhi. Kiraka cha tatu, na hapa ndipo asubuhi yote ilipokwendea.

Kijana anataka programu itambue haraka kwamba muunganisho umekufa. Ameweka keepalive ya TCP, itifaki inayobeba mazungumzo ya kompyuta mbili: muunganisho ukikaa kimya sekunde 60, keneli itume pakiti ya kubisha hodi, irudie kila baada ya sekunde 10, na baada ya mara tatu bila jibu iukate. Ni wazo zuri. Linux isipoambiwa kitu husubiri sekunde 7200 kabla ya kubisha hodi ya kwanza, yaani saa mbili nzima. Lakini wazo zuri nalo lazima lijaribiwe. Nawasha mashine pepe tatu, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu, na kuanza kuziua, kila moja kwa namna yake.

Namna ya kwanza, nazima programu ya seva. Keneli ya upande ule inakataa muunganisho papo hapo, na mteja anahamia seva ya pili kabla sijameza funda la chai. Hicho ndicho kifo ambacho karibu kila mwandishi wa msimbo hukijaribu, na ndicho chepesi kuliko vyote.

Namna ya pili, naiambia fayawoli, mlinzi wa mtandao, itupe pakiti zote bila kujibu, kama kebo iliyokatwa. Muunganisho ukiwa umekaa bure, keepalive inafanya kazi yake: kama sekunde 90, umekatwa. Narudia, safari hii nikitupa pakiti mara tu baada ya kutuma ombi la kumtafuta mtumishi. Sekunde 90 zinapita. Dakika tatu. Dakika tano. Programu inangoja tu. Keepalive haibishi hodi wakati kuna data iliyotumwa ambayo haijathibitishwa kupokewa. Keneli inaendelea kuituma tena data ile ile, na kwa mipangilio ya kawaida ya Linux hukata tamaa baada ya takriban dakika 15. Hapa panahitajika TCP_USER_TIMEOUT, inayoiambia keneli ingoje uthibitisho kwa muda gani.

Namna ya tatu ndiyo ninayoiogopa. Naisimamisha programu ya seva kwa ishara ya STOP. Haijafa, imegandishwa. Keneli yake iko macho, na inajibu hodi zote za keepalive. Inathibitisha kupokea kila ombi na kuliweka kwenye bafa, sehemu ya kuhifadhia kwa muda. Hata mteja mpya akija, keneli inampokea na kumkamilishia salamu za TCP. Kwa kila kipimo cha mtandao, seva hii ni nzima. Lakini ndani hakuna anayesoma. Keepalive haitalikamata hili, wala TCP_USER_TIMEOUT. Dawa yake ni ukomo wa kungoja jibu la LDAP lenyewe. Nilipokagua, ukomo huo ulikuwepo kwenye hatua ya kujitambulisha tu. Ombi la kutafuta halikuwa nao.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage na mchicha kutoka kwa mama ntilie wa kona. Wakati wa kula nakumbuka kwa nini silegezi kwenye namna ya tatu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye hospitali moja asubuhi. Dada wa mapokezi alikuwa ameandika jina lake na nywila, na skrini ikabaki vile vile. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wameshika kadi. Seva ya kwanza ilikuwa imeganda, ya pili iko salama hatua chache tu kutoka pale, na hakuna kompyuta iliyohamia, kwa sababu zote ziliamini zimeunganishwa. Wale watu kwenye foleni sijawasahau.

Saa 8:20 mchana. Nampigia kijana wa Arusha.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kiraka cha tatu kizuri, ila hakijamaliza safari. Umewahi kuisimamisha programu ya seva, slapd, kwa STOP badala ya kuiua?"

Kimya kidogo. "Sijawahi."

"Jaribu nikiwa hapa hapa."

Nilisikia kibodi, kisha nikamsikia akipumua. "Dada, inasema imeunganishwa."

Tumekaa dakika 40 tukipanga ukomo wa kila hatua: kutafuta anwani ya seva kwenye DNS, kuunganisha, kujitambulisha, kutafuta. Ukomo wa ndani, yaani wa hatua moja, lazima uwe mfupi kuliko wa nje, yaani wa kazi nzima, la sivyo wa nje unaisha kabla seva ya pili haijapata zamu. Na jumla yote isizidi subira ya mtu aliyesimama mbele ya skrini.

Saa 9:30 alasiri. Kiraka cha nne nimekikataa, na nimeandika sababu kwa urefu ili asidhani nimekipuuza. Muunganisho ukikatika, kinayatuma upya maombi yote yaliyokuwa yakingoja kwenye seva inayofuata. Kwa ombi la kutafuta, sawa, kuuliza mara mbili hakuharibu kitu. Kwa kubadili nywila, hapana. Seva inaweza kuwa imeshabadilisha, muunganisho ukakatika kabla jibu halijarudi. Ombi likitumwa tena na nywila ya zamani, linakataliwa. Mtumishi anaambiwa imeshindikana, anaendelea na nywila ya zamani ambayo haipo tena, na hakuna anayeelewa kwa nini. Nimependekeza maombi yanayobadilisha kitu yarudishe jibu la kweli: hatujui kama limefanyika, kagua kwanza. Watu wengi hawapendi kuandika jibu la namna hiyo kwenye programu. Mimi naliona la heshima kwa mtumiaji.

Saa 10:45 jioni. Cha tano kimepita na marekebisho kidogo. Seva ya kwanza ikirudi, kompyuta zote zilizohamia hurudi kwake kwa wakati mmoja, na huweza kuiangusha tena ikiwa bado inajikusanya. Kijana ameongeza muda wa kungoja unaotofautiana kwa kila kompyuta. Nimemwomba abadilishe kitu kimoja: maombi yaliyokwisha kuanza yamalizikie kwenye seva ya akiba, ni mapya tu ndiyo yarudi.

Saa 12:10 jioni. Adhana ya magharibi bado kidogo. Toleo la pili la kiraka cha tatu limefika, limebeba ukomo wa ombi la kutafuta. Nawasha mashine tena, naigandisha seva ya kwanza, natuma ombi, naangalia saa ya ukutani. Sekunde ya sita, logi inaandika kwamba seva ya kwanza haijajibu. Sekunde ya saba, jina la mtumishi linarudi kutoka seva ya pili. Naigandua ya kwanza, naigandisha tena katikati ya ombi jingine, halafu narudia mara kumi. Ya nane imechukua sekunde 13.

Nimemwandikia: "Mara ya nane ilikawia, logi nimeambatanisha. Nadhani taima (saa ya kuhesabu ukomo) ya zamani haikufutwa. Tutaanzia hapo kesho saa mbili."