Siku moja na stesheni ambayo haipo

Nikisema kazi yangu ni kupanga stesheni ya treni, watu hunipa kiyoyozi na kompyuta kubwa papo hapo, kichwani mwao. Waliowahi kuishi Kimara wao huuliza jambo moja tu: "Kumbe ndiyo nyie mnaoweka zile X za kubomolea nyumba?" Bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya barabara ya Morogoro haijawatoka, na siwalaumu. Ila hapana, mwenye rangi nyekundu ni mwingine, na hufika baadaye sana, kama atafika. Mimi huja mwanzo kabisa, wakati hakuna nondo wala fedha, kuna swali tu: treni nyepesi ya mjini ikipita hapa siku moja, isimame wapi?

Eneo lenyewe sitalitaja, na kabla hujamaliza kusoma utajua kwa nini. Ni pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye reli ya kati. Zamani palikuwa mikorosho, leo ni mabati ya rangi hadi macho yanapogota. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha.

Saa 10:30 alfajiri naamka. Chai hakuna, bodaboda ameshapiga honi mara mbili.

Saa 11:15 niko kivukoni. Msifikirie kivuko cha maana. Ni mahali watu wamejipasulia njia juu ya tuta la reli hadi kokoto zimetawanyika na mataruma yameng'aa kwa nyayo. Nina vijana wanne wa chuo, kila mmoja ameshika kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia watu, na kila mmoja amevaa rifleka inayomfanya afanane na askari wa barabarani. Kwa sababu hiyo baadhi ya wapita njia wanatukwepa, na kazi inaanza kuharibika kabla ya jua kutoka.

Tunahesabu nani anavuka, anaelekea wapi, kabeba nini. Wanafunzi peke yao, wenye mizigo ya kichwani peke yao, wenye watoto mgongoni peke yao. Sensa ya 2022 ilikuta Dar ina watu 5,383,728, zaidi ya milioni moja juu ya ile ya 2012, na wengi wa hao niwaonao kiwanja walikipata huku kwa sababu kule ndani hakikamatiki. Sensa itakuambia wanalala wapi. Haikuambii kwamba saa kumi na moja na nusu alfajiri wako kwenye tope wakitafuta daladala.

Kuna kitu hakimo kwenye fomu nami hukiandika pembeni: viatu. Ukisimama pale utaona karibu kila mwanamke anayekwenda ofisini ana kandambili miguuni na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko ndimo vilimo viatu vya kazini. Akishavuka reli, akafika penye lami, anasimama kwa mama mmoja mwenye ndoo na kopo, ananawa miguu, anafuta kwa kitambaa, anabadilisha, kandambili zinaingia mfukoni. Mama wa ndoo analipwa sarafu yake. Siku za jua hayupo. Kwangu mimi yule mama ni kipimo: alipo, ndipo tope linapoishia, na kutoka mlangoni kwa mtu hadi pale ni safari ambayo hakuna mchoro wowote wa ofisini unaoionyesha. Tunaandika kwamba mtu yuko tayari kutembea dakika kumi hadi stesheni, kama mita 800 hivi. Kwenye tope, na mtoto mgongoni, mita 800 ni habari nyingine.

Saa 3 supu na chapati kwa mama lishe wa pembeni ya reli. Vijana wamelala kwenye benchi. Kaniuliza kama stesheni ikija atafukuzwa. Nikamwambia nia yangu ni awe ndani ya mchoro. Akasema, "Ndani ya mchoro kuna kodi," akaniongezea mchuzi.

Saa 3:45 tunaanza kupima, na hapa ndipo tatizo la eneo hili linapoonekana. Pale wanapovuka watu pana kona, na jukwaa la abiria halikai kwenye kona. Behewa ni kitu kilichonyooka, jukwaa lililopinda litaacha mwanya kati yake na mlango, mguu wa mtoto uzame, na dereva naye hataiona milango yote kabla ya kuondoka. Reli inanyooka mbele zaidi, karibu na bonde, na bonde hilo hujaa maji. Kwa hiyo watu wanapita penye kona, na jukwaa linataka kukaa penye maji. Kazi yangu yote imo katikati ya sehemu hizo mbili.

Tuko tunavuta futi kamba, nasikia: "Dada injinia!"

Mimi si injinia, nilisoma mipango miji, lakini hilo nimeacha kulibishia. Aliyeita ni mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa, simu mbili. Amejitambulisha kuwa ni mkazi. Mkazi gani hana tope hata kidogo kwenye kiatu asubuhi ile? Akaanza kutembea nasi. Tukipima kushoto, anapiga picha kushoto. Tukisimama kuandika, anachungulia karatasi. "Hapa ndipo patakuwa na geti?" Hapana, tunapima tu. "Kwa hiyo geti litakuwa kule?" Hatujui, mzee wangu. "Lakini mkipima huku maana yake..." Maana yake tunapima. Nikamwambia kijana wangu mmoja ashike futi akatembee nayo upande ambao hatuna shida nao kabisa. Jamaa akamfuata, anapiga picha kisima cha watu.

Tulimwelewa vizuri tulipofika juu ya tuta. Kwenye shina la mwembe kumepigiliwa ubao, rangi bado mbichi: VIWANJA VINAUZWA KARIBU NA STESHENI YA TRENI. Chini namba ya simu. Nimeipiga mbele yake, na moja ya zile simu mbili ikalia mkononi mwake. Hakuona haya. "Dada, biashara ni kuwahi."

Ndiyo sababu sitaji eneo. Mchoro haujakauka, bei ya kiwanja imeshapanda, na atakayeumia si yule dalali. Ni kijana aliyekopa saccos akanunua kipande ambacho pengine kimo ndani ya hifadhi ya reli, ile ardhi ya kando isiyoruhusiwa kujengwa, na aliyejenga ndani ya hifadhi, siku ya fidia ndiye mwenye kesi ngumu kuliko wote. Stesheni yenyewe huenda isije. Miradi mingi ninayoipima huishia kwenye kabati, na huo ndio ukweli wa kazi hii.

Mchana nilikula mhogo wa kuchoma kwa kusimama.

Mkutano ofisi ya serikali ya mtaa uliitwa saa 8. Saa 8 tulikuwepo mimi, mtendaji, na bendera. Saa 8:40 wamefika wajumbe watatu, na mmoja kauliza kabla ya kukaa kama mahudhurio yana nauli. Yanayo, ndogo, ikabidi jambo hilo lijadiliwe kwanza, na likajadiliwa kuliko reli. Saa 9 na ushee mwenyekiti akafungua kwa sala. Viti vya plastiki vimejaa, wengine wamesimama dirishani. Na dalali wangu yuko mstari wa mbele, kashika daftari.

Mzee mmoja akaanza. "Ile treni ya mjini ya waziri Mwakyembe, mwaka 2012, mwanzo ilikwenda Ubungo, sisi huku tukaisikia redioni. Hii nayo?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikamwambia ndiyo maana nimekuja kabla badala ya baada.

Kijana akauliza kwa nini tusipandie tu ile ya umeme, ya SGR, reli mpya. Swali zuri, na jibu lake watu wengi hawalijui. Jiji hili lina reli tatu zisizoingiliana. Ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ni 1,067. SGR ni 1,435. Treni ya moja haikanyagi nyingine. Ukichagua reli umechagua pia mabehewa, karakana, na kimo cha jukwaa, na SGR ilijengwa kwa ajili ya treni za masafa marefu, hazikukusudiwa kusimama kila mtaa.

"Kwa hiyo itapita kwenye ipi?" Dalali, kalamu tayari.

"Ndilo linalochunguzwa."

"Lakini kwa maoni yako binafsi."

"Maoni yangu binafsi nimeyaacha nyumbani."

Hakukata tamaa. Kila mtu akiuliza, yeye anaongezea ncha yake. Mtu anauliza maegesho ya bodaboda, yeye: upande wa mashariki au magharibi? Mtu anauliza kelele, yeye: kelele zitafika mita ngapi, hadi nyumba ya fulani? Ikafika mahali mwenyekiti mwenyewe akamuuliza, "Wewe unakaa kwa mjumbe gani?" Akataja jina. Mjumbe aliyetajwa alikuwa ameketi nyuma yake, na hajawahi kumwona. Jamaa akasema yuko mbioni kuhamia.

Kisha ikaja fidia, na fidia haina dakika tano. Nimeeleza kama ninavyoeleza kila mahali: thamani ya ardhi, thamani ya kilichojengwa na kilichopandwa, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Mthamini atakuja, atakupiga picha mbele ya nyumba yako umeshika namba kama mtu aliyekamatwa, na ukishasaini soma ulichosaini. Baba mmoja akasimama, hakuuliza. Akasema alihamia huku baada ya kuvunjiwa kwingine, na kwamba mti wa kwanza aliopanda ni mwembe, kwa sababu ulioachwa kule ulikuwa mwembe. Akakaa. Sikuwa na la kumjibu, nikaandika.

Saa ngapi hii sijui, taa ilikuwa imewashwa. Bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akanyoosha mkono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Choo kitakuwa wapi, na ni cha kulipia?"

Ukumbi ukaangua kicheko, yeye hakucheka. Anauza vitumbua alfajiri, anaondoka nyumbani usiku, na kutoka usiku ule hadi saa nne hana pa kujisitiri. Tena akauliza taa. Sio taa za stesheni, za njia ya kwenda stesheni, kwa sababu binti zake wanavuka pale kukiwa giza na mmoja amewahi kuporwa simu. Nimekaa kwenye vikao vya watu wenye shahada za udaktari na sijapewa maelezo mafupi na kamili kama hayo. Yote yamo ndani: kwamba tukilipeleka jukwaa penye reli iliyonyooka, hatuna budi kuwajengea watu njia kutoka kwenye kona, pana, yenye kalvati juu ya bonde, yenye taa, na iwe kwenye bajeti moja na jukwaa, isiachwe kuwa "awamu ya pili". Awamu ya pili nimeshazisikia nyingi.

Tumetoka pale magoti yanauma. Hesabu ya jioni wameshaianza vijana bila mimi, nimefika nimekuta mmoja anabonyeza huku amefumba macho, nikamtuma nyumbani. Kivuko kimegeuka, wanaotoka mjini sasa ndio wengi, kandambili zimerudi miguuni. Mvua ikaanza tena. Karatasi zimeingia kwenye mfuko, mimi sikuingia popote.

Daladala nimeipata kwa kugombania, nimesimama hadi karibu na kwangu, kiwiko cha mtu kwenye mbavu. Nami ni abiria wa stesheni yangu mwenyewe, ukipenda.

Nyumbani nimempigia mkuu wa timu. Jukwaa la penye reli iliyonyooka analipenda. Kalvati sawa. Njia ya taa aliiona ghali, akasema tuiweke kama pendekezo. Nikamkumbusha Addis Ababa, walioanza treni yao nyepesi mwaka 2015: reli inapopita usawa wa barabara, uzio umekata mitaa, unaiona stesheni ng'ambo na bado lazima uzunguke kuifikia. Pendekezo halijengwi, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema nimwandikie ukurasa mmoja kabla ya saa 4 asubuhi, na gharama zake. Nimeuandika huku ugali unapoa. Neno la kwanza kwenye orodha ya vitu vya lazima ni choo, cha bure.

Saa 5 usiku, nikiwa nazima taa, ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Dada injinia za kazi. Naomba kujua kile kisima ni mita ngapi kutoka relini, kuna mteja." Nimeizuia. Atakuja na nyingine.