Taa ya injini iliyowaka baada ya mvua ya Mugunga

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, nikitoka Mugunga kwa pikipiki kurudi nyumbani Katindo, hapa Goma, mvua ilinishika kabla sijafika Ndosho, nami kwa ukaidi sikutafuta pa kujikinga. Mashimo ya barabara yalikuwa yamekwisha kujaa, na kila gari lililonipita liliniogesha tope jeusi la mawe ya volkano kuanzia magotini hadi kwenye kofia. Nilipoivuka Ndosho, taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka na haikuzimika tena. Injini haikuzima, lakini kila nilipopunguza mwendo ilipanda na kushuka yenyewe, kana kwamba kuna mtu mwingine anayeshika mpini.

Kama ingekuwa taa nyekundu ya mafuta ya injini, ningezima papo hapo na kuisukuma pikipiki hadi nyumbani. Kwa ile ya njano niliendelea polepole.

Asubuhi niliipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, kijana mwenye mikono mizuri sana kwa kaburetari, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa bila kompyuta. Wenzetu wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wengi hapa Goma huendesha pikipiki za kaburetari, ambazo hazina taa ya namna hii, hivyo simlaumu kwa kukosa kuizoea. Aliitazama kidogo, akasema: «Papa, tutoe ampuli tu, haitakusumbua tena,» yaani balbu ya ile taa. Nilipokataa, akapendekeza tuagize kihisi (sensa) kipya kwa dola 45. Nikakataa tena, kwa sababu kihisi kilichofanya kazi miaka mitatu bila kulalamika hakichagui kufa katika saa ileile ambayo mvua inanyesha. Inawezekana, ndiyo, lakini mshukiwa wa kwanza ni maji.

Nilianza na batri, kwa kuwa umeme dhaifu huzusha makosa ya uongo kila mahali. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ilionyesha volti 12.6 injini ikiwa imezimwa na 14.1 ikiwa inazunguka, yaani batri na chaji vilikuwa vizima. Kisha niliteremsha stendi ya pembeni, nikafungua kontakti, yaani swichi ya ufunguo, bila kuwasha injini, nikahesabu jinsi taa inavyomweka. Katika pikipiki yangu mmweko mrefu ni kumi na mmweko mfupi ni moja. Ilimweka mara 8 kwa ufupi, ikanyamaza, ikarudia 8. Kitabu cha pikipiki kinasema 8 ni kihisi cha kilango cha hewa, kile kinachoiambia kompyuta ya injini jinsi ulivyozungusha mpini. Jambo la kukumbuka ni kwamba namba hiyo hubaki kwenye kumbukumbu hata kama taa imezimika baada ya jua kuwaka, kwa hiyo taa kuzimika si ushahidi kwamba tatizo limekwisha.

Kihisi hicho hupewa volti 5, na hurudisha takriban nusu volti kilango kikiwa kimefungwa, kisha volti hupanda kadiri kilango kinavyofunguka hadi karibu 4.5. Maji yaliyochanganyika na tope yakiingia kati ya pini, huvujisha umeme kidogo kutoka pini moja hadi nyingine, na kompyuta haina njia ya kujua kwamba anayezungumza ni maji badala ya kihisi. Kwangu, mpini ukiwa umeachiwa kabisa, kipimo kilirukaruka: mara 0.9, mara karibu sifuri.

Nilifungua fishi, yaani kile kiungo cha plastiki cha nyaya tatu. Tone la maji lilidondoka kidoleni. Pini ya katikati ilikuwa na utando wa kijani, na mpira mwembamba wa kuzuia maji ulikuwa umechanika upande mmoja. Utando ule haukuota kwa usiku mmoja. Mvua ya juzi ilikamilisha tu kazi iliyoanza zamani. Hapa kwetu moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa inayoitia mvua asidi, na anayeishi Goma akiangalia mabati ya paa lake anaelewa ninachosema. Nakiri pia kwamba mimi mwenyewe huipeleka pikipiki kuoshwa kwa bomba la presha, na kijana wa kuosha hupenda kulielekeza palepale penye nyaya.

Nilisugua pini kwa mswaki laini na dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Kisu hakifai, kwa sababu hukwangua ule utando mwembamba wa madini unaoikinga pini, na kutu hurudi kwa kasi zaidi. Nilikusudia kukausha kwa mashine ya kukaushia nywele ya jirani yangu mwenye saluni, ila umeme ulikatika, hivyo niliacha fishi wazi usiku kucha karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, kwa umbali ambao kiganja changu kiliweza kuvumilia joto bila kuondoka. Asubuhi nilipaka grisi ya silikoni kidogo, si ile nyeusi ya mnyororo ambayo huvimbisha mpira, kisha nikazungushia ukanda wa shambrea kuukuu, yaani mpira wa ndani wa tairi, mahali palipochanika.

Kipimo kilitulia kwenye 0.5. Nilifuta namba ya kosa kwa kufuata kitabu, nikawasha, na taa ikawaka kidogo kama kawaida kisha ikazimika. Ijumaa ilinyesha tena, nikapita njia ileile hadi Mugunga na kurudi. Nilipofungua fishi jioni ilikuwa kavu, ila ukanda wa shambrea ulikuwa umeanza kulegea upande wa chini, kwa hiyo mpira mpya wa kuzuia maji bado nautafuta.