Jinsi nilivyoziba tundu la kuendesha skripti za seva kupitia API

Huduma yangu ndogo ya Python ilikuwa ikipokea jina la tawi la git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) kupitia API, yaani njia ambayo programu nyingine huitumia kuituma maombi, kisha inaendesha skripti ya kusasisha tovuti kwa subprocess.run yenye shell=True, yaani amri nzima ilipitia shell, programu inayosoma na kutekeleza amri za maandishi. Nilipoijaribu kwa kutuma jina "main; id" (id ni amri inayoonyesha mtumiaji anayeiendesha), jibu lilirudi na uid=0, namba ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote: nukta mkato ilikuwa imefungua amri ya pili, na huduma nzima ilikuwa ikiendeshwa kama root, uzembe ambao sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Niliondoa shell=True na kupitisha amri kama orodha, ili jina libaki neno moja hata likiwa na alama gani; lakini kwa kuwa jina linaloanza na kistari bado lingeweza kusomwa na git kama chaguo, nikaruhusu majina mawili tu yaliyoandikwa ndani ya programu. Huduma yenyewe niliihamishia kwa mtumiaji asiye na mamlaka, ambaye sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root, humruhusu kuendesha skripti hiyo moja tu, inayomilikiwa na root, wala hawezi kuihariri. Kila ombi sasa huja na saini ya HMAC-SHA256, inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri, ambayo hulinganishwa kwa hmac.compare_digest (kitendaji cha Python cha kulinganisha saini kwa usalama) kabla ya jambo lingine lolote.

Nilituma tena "main; id", safari hii ikiwa na saini sahihi, nikajibiwa 400, yaani ombi lisilokubalika.