Mkesha wa mwalimu wa kwaya asiye na sauti

Daktari alikuwa amenikataza kuimba, kuongea, hata kunong'ona, mpaka koo lipone. Kwa hiyo usiku ule wa mkesha nilimwachia msaidizi wangu kwaya, nikaenda kukaa benchi la nyuma kabisa.

Mbele huwa una kazi. Unatoa noti, unahesabu mapigo, unamkazia macho yule wa besi anayependa kutangulia. Nyuma huna la kushika. Watu waliposimama kusifu nilisimama nao, mdomo nimeufumba, na hamu ikaanza kunipanda kifuani. Haikuwa hamu ya kuimba. Hiyo naijua vizuri. Nilimtaka Mungu mwenyewe.

Kisha ikasomwa Zaburi ya 42. Ule mstari wa ayala, mnyama wa jamii ya paa, anayeonea shauku mito ya maji nimeufundisha kwa sauti zote nne, na mahubiri mengi niliyosikia huishia hapo hapo. Usiku ule sikio langu lilinasa mbele kidogo, mtunzi wa zaburi anapokumbuka "jinsi nilivyokuwa nikienda na mkutano, na kuwaongoza nyumbani kwa Mungu". Kumbe huyu naye alikuwa kiongozi! Kichwa cha zaburi kinawataja wana wa Kora, na katika ukoo huo wa Walawi walikuwamo waimbaji na walinzi wa malango. Sasa yuko mbali na Yerusalemu, huko nchi ya Yordani na Hermoni, na watu wanamuuliza kutwa nzima, "Yuko wapi Mungu wako?" Yeye hawajibu. Anajisemesha mwenyewe tu: "Umtumaini Mungu, kwa maana nitakuja kumsifu." Nitakuja. Yaani bado. Alichonacho kwa sasa ni kiu, na anaipeleka hiyo hiyo.

Wakati wa maombi kanisa zima lilinguruma. Jirani yangu, mama mmoja mzee aliyekuja kama mgeni, alikuwa akisema, "Nakutaka wewe, Bwana," kisha ananyamaza kitambo, kisha anarudia. Nikaanza kumfuatisha moyoni. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Niliseme hilo wazi, maana shuhuda za mikesha hunenepa kila zinaposimuliwa. Kiu yenyewe haikukatika. Ilizidi, na mimi sikutaka ipungue.

Miaka ya baadaye nilikutana, katika maandishi, na Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, akifafanua mstari wa Zaburi ya 38 usemao, "Bwana, haja zangu zote zi mbele zako." Anasema shauku yako ndiyo sala yako, na shauku isipokoma, sala nayo haikomi. Nilimwelewa upesi kuliko ninavyowaelewa wanateolojia wengi, kwa kuwa nilikwisha kukaa kwenye lile benchi.

Kulipopambazuka mama yule akanishika mkono na kunieleza, kwa ishara nyingi na midomo iliyotamka polepole, kwamba ameniombea Mungu anifungue kinywa. Alidhani mimi ni bubu! Nikatoa daftari, nikamwandikia habari ya koo na daktari. Akalisogeza karibu na macho, akalisogeza mbali, akatikisa kichwa: miwani ameiacha nyumbani. Basi nikamwinamia kwa shukrani, naye akanibariki kwa mikono miwili.