Ukindu wa Pemba kwenye hewa kavu ya Santa Fe

Jamani nimerudi, wiki ya pili hii, na kila nikikaa barazani naulizwa Marekani kukoje, basi leo naandika yote maana nimechoka kusimulia nusu nusu.

Mie ni msukaji, mikeka na misala ya kuswalia ya ukindu, yaani majani ya mkindu, kazi niliyoikuta kwa mama na yeye aliikuta kwa bibi hapahapa Pemba. Mwezi wa 7 nilikuwa Santa Fe, jimbo la New Mexico, kwenye soko la kazi za mikono linaitwa International Folk Art Market, lilianza 2004 na wasanii wanatoka nchi kama 50. Boti mpaka Unguja, ndege mpaka Doha, Doha mpaka Dallas huko ndo miguu ilivimba hasa, kisha ndege nyingine mpaka Albuquerque halafu gari kama saa nzima. Pale Dallas nilisema kwenye fomu kwamba nimebeba vitu vya majani, basi afisa akafungua robota lote, akamulika tochi kila ukili, yaani kila ukanda uliosukwa, akitafuta wadudu, akaukunja msala taratibu kama mtu anayekunja nguo ya mtoto, akaniambia nenda. Roho ikatulia. Ila robota la pili halikufika kabisa, mikeka minne ya rangi, nikalia palepale kwenye mkanda wa mizigo sikuona haya.

Sasa Santa Fe iko juu, mita kama 2,200, na mie maisha yangu yote nimeishi usawa wa bahari. Usiku wa kwanza nimeamka damu inatoka puani. Mdomo umepasuka. Nyumba zao za rangi ya udongo, kuta nene, anga buluu mpaka macho yanauma, halafu jioni radi na mvua ya dakika ishirini, ikikatika hewa inakauka tena kama haijanyesha.

Na hiyo hewa ndo iliyonitesa kazini. Nilitakiwa nikae nisuke watu waone, nikachukua chane, vile vipande vyembamba vya ukindu uliochanwa, nikakunja ya kwanza, kak! Ikakatika. Ya pili kak! Huku kwetu ukindu unanyunyiza maji kidogo unakaa laini asubuhi nzima, kule unanyunyiza, ukigeuka kumjibu mtu umeshakauka. Mwisho nilivua mtandio wa akiba nikauloweka nikazifungia chane ndani nikawa nachomoa tatu tatu, nasuka haraka kabla hazijakauka, na yule mama wa Uzbekistan jirani yangu, anauza vitambaa vya hariri, akaona, hatuna lugha hata moja ya kuelewana, akawa ananiletea maji kwenye kikombe chake kila baada ya muda bila kuombwa. Siku tatu hivyo. Mungu amlipe.

Bei sasa. Kabla ya soko tulipewa darasa, mwalimu akaniuliza msala huu siku ngapi? Nikanyamaza, kwa kweli sijawahi kuhesabu. Tukaanza kuhesabu wote, kukata makuti ya mkindu, kuanika, kuchana, kuchemsha rangi, kusuka ukili pima kwa pima, ndo uje ushone na shazia, sindano kubwa ya mikeka, mpaka vidole vinaota sugu, ikafika wiki tatu na siku. Mie nilikuwa nimeandika dola 45! Nikafuta nikaandika 160 mkono unatetemeka, nikijua nyumbani mtu angeniambia umerogwa. Msala wa kwanza uliuzwa saa nne asubuhi na hakuna aliyeniomba nipunguze, bibi mmoja mzee alipitisha kidole kwenye mshono, akaniuliza huu umeanzia wapi, nikamwonesha katikati, akalipa.

Adhuhuri nilikuwa naswali nyuma ya kibanda kwenye msala wangu mwenyewe, nikitoa salamu naona watu watatu wamesimama kimya wananisubiri nimalize. Hilo sijalisahau.

Niliuza kumi na nne, ukabaki mmoja, ule wa zambarau na kijani. Nilivyofika nyumbani mama hakuuliza hela, aliutoa kwenye begi, akaupapasa, akaukunja pembe akasikia unavyolia. "Mwanangu, huu umekauka hivi, ulikuwa wapi?" Nikamwambia juu mama, juu mno. Akanyamaza, magharibi akautandaza uani juu ya kamba ulale nje upate umande, na alfajiri nikamkuta keshauswalia.