Leo nimemsindikiza mdogo wangu Muhimbili

Ndiyo nimerudi nyumbani sasa hivi, macho bado mazito.

Mdogo wangu ni daktari wa hospitali ya wilaya, mkoani Kigoma. Miaka minne anatibu watoto, kesi ngumu anaziandikia rufaa. Kuna waliofia njiani, na huwa hapendi kuwazungumzia.

Leo ameripoti MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kuanza kusomea udaktari bingwa wa watoto. Miaka mitatu, kwa ufadhili wa serikali, ule wa Rais Samia wa kusomesha madaktari bingwa. Kwa mshahara wake asingeweza, maana huo huo ndio unaosomesha wadogo zetu wawili.

Pale getini akatoa stetoskopu yake kwenye begi. Mpira umepasuka, kauzungushia plasta ya wodini, imeshakuwa ya kahawia.

"Si ununue mpya, mdogo wangu?"

"Hii imesikiliza vifua vingi, dada. Nayo ije isome."

Nikashindwa kujibu. Nikamshika mkono tu.

Shule ya udaktari ilianza hapo 1963. Hadi leo darasa lenyewe ni wodi, unasoma huku mtoto wa mtu anakutegemea.

Madaktari mliopita Muhimbili, mwaka wa kwanza wa ubingwa ukoje? Mwandikieni hapa chini, atasoma usiku.